Nimelala juu ya pikipiki, nikiwa na abiria

SWALI

Shikamoo mama.

Mimi ni kijana wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, naishi Mbagala. Kazi yangu ni ulinzi. Nalinda ghala moja upande wa Chang'ombe, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Mshahara ni 180,000 kwa mwezi na kodi ya chumba peke yake ni 50,000, kwa hiyo mwenyewe unaelewa. Mwaka jana nilichukua pikipiki ya mkataba. Hesabu ni 8,000 kwa siku, nimebakiza miezi 7 iwe yangu.

Nikitoka lindo sirudi nyumbani. Napitiliza kijiweni kuwahi abiria wa asubuhi, napiga kazi mpaka saa 6 mchana, saa 7 ndiyo niko kitandani. Saa 10 mke wangu ananiamsha, naoga, nakula, nikibahatisha kichwa kimoja viwili njiani napakia, halafu narudi lindo. Ukipiga hesabu nalala masaa 3. Lindoni huwezi kujiegesha, msimamizi akipita akakukuta umefumba macho unakatwa siku. Siku ya mapumziko nayo ina misiba na vikao vyake.

Mwanzoni niliona kawaida tu. Sasa hivi mambo yamebadilika. Wiki tatu zilizopita, saa 3 kasoro asubuhi, nilimpakia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, namtoa Rangi Tatu nampeleka Mtoni kwa Azizi Ali. Nakumbuka tumepita Zakhem. Kitu cha pili ninachokumbuka ni kofi la mgongoni na yule mama anapiga kelele, "Wee kaka! Wee kaka!" Tairi la mbele lilikuwa limeshatoka kwenye lami liko mchangani, na mbele yetu muuza matunda ameshaliacha toroli lake amekimbia. Naapa sikufumba macho, mama, au ndivyo ninavyodhani. Yule mama aliteremka palepale, akanilipa nauli yote huku mikono inamtetemeka, akaondoka kwa miguu.

Jambo la pili ni jinamizi. Nikilala mchana, nakuja kushtuka naona chumba chote, namwona mtoto anacheza mlangoni, lakini siwezi kuinua hata kidole. Kifuani kama kuna mtu amenikalia. Nataka kuita, sauti haitoki. Mara mbili nimesikia naitwa jina langu, na mke wangu anasema hakuna aliyeniita. Mama yangu yuko Kilwa, nilipomsimulia akasema nimetupiwa kitu, niende kwa mtaalamu. Gharama ni mbuzi na 150,000.

Juzi duka la dawa walinipima presha bure, ikaja 148 kwa 94. Mke anasema nimekuwa mkali, nagombana hata na watoto. Na kwa ukweli hata mambo ya chumbani yamepungua sana, kitu ambacho hakikuwa kawaida yangu. Wenzangu kijiweni wananiambia mwanaume halali, utalala sana kaburini. Naomba unisaidie, mama. Nimerogwa, naumwa, au ndiyo uzee?

Mlinzi, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua zilizo mezani kwangu ni nyingi, lakini huyo mama mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyenifanya nianze na yako. Namshukuru Mungu kwa lile kofi. Hukurogwa, na miaka 34 si uzee. Una deni la usingizi, na deni hilo lina ubaya wake: anayedaiwa ndiye wa mwisho kujua ukubwa wake.

Uliapa kwamba hukufumba macho, nami nakuamini. Ubongo ulionyimwa usingizi kwa muda mrefu unajizima wenyewe kwa sekunde chache, na macho yanaweza kubaki wazi kabisa. Mikono iko kwenye usukani, mafuta yanaingia, ila dereva hayupo. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilometa 60 kwa saa, sekunde 3 za namna hiyo ni meta 50. Zipime kwa hatua siku moja kando ya Barabara ya Kilwa, uone ndani ya meta 50 kuna watu wangapi, matoroli mangapi, watoto wa shule wangapi.

Sasa twende na saa zako. Unaamshwa saa 10 jioni. Ikifika saa 3 asubuhi ya kesho yake, umekaa macho masaa 17 mfululizo. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walipima jambo hilihili: mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi ya umakini kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho kikipitwa, nchi nyingi za Ulaya hazimruhusu dereva kushika usukani. Akifikisha masaa 24, ni kama mwenye 0.10. Na wale walikuwa wamelala vizuri kabla ya kupimwa. Wewe unaanza siku ukiwa na masaa 3 tu mfukoni. Kwa hiyo tangu mwaka jana, kila siku ya kazi, abiria wako wa asubuhi wamekuwa wakipanda pikipiki ya mlevi ambaye hakunywa kitu. Najua maneno hayo yanauma. Nayasema kwa sababu nimewahi kuwa mlevi wa aina hiyo.

Nimefanya uuguzi miaka 31. Kuna kipindi nilikuwa na watoto wadogo watatu na mume hana kazi, nikitoka zamu ya usiku nakwenda kukaa kwenye kibanda cha maandazi mpaka mchana. Nilikuwa wodi ya watoto. Usiku mmoja, inakaribia saa 10 alfajiri, nilijikuta nimesimama kwenye kitanda cha 9, sindano mkononi, pamba nimeshaishika, na mama wa mtoto ananiangalia usoni. Akaniambia kwa upole kabisa, "Nesi, huyu si umemchoma sasa hivi?" Nilitazama karatasi. Dawa ilikuwa ya kitanda cha 7. Wa kitanda cha 9 nilikuwa nimeshamaliza naye. Mpaka leo sina kumbukumbu ya kutembea kutoka kwenye meza ya dawa hadi pale. Yule mama angekuwa amesinzia na yeye, sijui leo ningekuwa naandika nini. Niliacha maandazi wiki ileile, na tulikula ugali kwa mchicha miezi mingi.

Ungeniuliza usiku ule kama nimechoka, ningekwambia hapana, nimezoea. Hilo neno "nimezoea" ndilo nataka ulitoe mdomoni. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani kilitoa matokeo ya watu waliolazwa masaa 4 au 6 kwa usiku kwa wiki mbili. Kila siku walizidi kuharibika katika vipimo, mpaka wakafika mahali pa mtu aliyekesha usiku mzima au zaidi. Walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Mwili ulikuwa unaporomoka, wao wanaona wameshazoea. Wenzako kijiweni wanaokwambia mwanaume halali wako kwenye hali hiyo. Usiwachukie, ila usipande nyuma yao.

Tuje kwenye jinamizi, maana naona ndilo linalokunyima raha kuliko hata ajali.

Usingizi una sehemu zake. Tunaanza na usingizi mwepesi, tunazama kwenye mzito, halafu inakuja sehemu ya ndoto, na mzunguko huo unachukua kama dakika 90 kisha unarudia. Katika sehemu ya ndoto ubongo unafanya jambo la hekima kubwa: unazima misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili, ili ukiota unakimbizwa na nyuki usiinuke ukakimbia kweli ukaangukia jiko. Macho na pumzi ndivyo vinavyobaki vinafanya kazi. Mtu mwenye usingizi wa kutosha huwa anatoka kwenye ndoto na misuli inawashwa kwa pamoja, hajui hata kama ilizimwa. Kwa mtu aliyechoka kama wewe, anayelala kwa vipande na kwa saa zisizo za kawaida, mambo hayo mawili yanaachana. Akili inaamka kwanza, misuli bado. Ndiyo maana unaona chumba, unamwona mwanao mlangoni, na kidole hakiendi. Kifua unakiona kizito kwa sababu katika ndoto tunavuta pumzi fupi fupi, na wewe umeamka unataka kuvuta ndefu, haiji. Vilevile mabaki ya ndoto bado yako kichwani, ndiyo hiyo sauti inayokuita jina. Linadumu sekunde chache, mara nyingine dakika moja au mbili, kisha linaachia lenyewe. Halijawahi kumuua mtu kwa kumkalia.

Hii hali inajulikana duniani kote, kila watu wana jina lao na kila watu wana simulizi ya nani amekaa kifuani. Inawapata zaidi wanaolala kidogo, wafanyakazi wa zamu, na wanaolala chali. Likikujia tena, usipigane nalo kwa nguvu zote. Hangaika na kidole kimoja tu cha mguu, au zungusha macho huku na huku, pumua taratibu. Lala kwa ubavu. Mwambie mke wako kwamba akikuona macho yako wazi na hujibu, akuguse bega, mara nyingi mguso unalimaliza.

Kuhusu mama yako Kilwa, usimbishie kwa ukali, ni hofu ya mzazi aliye mbali. Mwombe akuombee, dua ya mama haina gharama. Lakini mbuzi abaki zizini, na hiyo 150,000 nina matumizi nayo hapa chini.

Presha yako, ukali wako na mambo ya chumbani usiyahesabu kama magonjwa matatu. Usingizi wa usiku ndio wakati ambao presha inashuka, kwa mtu mzima mwenye afya inashuka kama asilimia 10 hadi 20. Moyo unapumzika hapo. Wewe moyo wako haujapumzika vizuri tangu mwaka jana. Sukari nayo iangalie: mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Chicago kule Marekani kilichukua vijana wa kiume 11 wenye afya nzuri, kikawalaza masaa 4 kwa usiku 6 tu, na miili yao ikaanza kushughulikia sukari kama ya watu wanaokaribia kisukari. Na hayo mambo yako ya chumbani, mwanangu, chuo hichohicho mwaka 2011 kiliwalaza vijana 10 masaa 5 kwa usiku kwa wiki moja, na homoni yao ya kiume ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja! Kwa hiyo usikimbilie vidonge vya nguvu wala supu ya pweza. Na mke wako asidhani una mtu mwingine. Msomee hii barua mkiwa wawili.

Hata mafua yako nenda kayahesabu. Mwaka 2015 kuna watafiti waliwawekea virusi vya mafua puani watu 164 waliojitolea. Waliokuwa wakilala chini ya masaa 6 waliugua kama mara 4 ya wale waliokuwa wakilala zaidi ya masaa 7. Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi, hicho ndicho kiwango walichokubaliana wataalamu. Mwanao aliye shule ya msingi anahitaji 9 hadi 12, kwa hiyo kama chumba ni kimoja na televisheni inawaka mpaka saa 5 usiku, naye anadaiwa.

Sasa pesa. Ningekuwa nakwambia "lala" halafu nanyamaza, ningekuwa nimekutukana. Najua saa 12 mpaka saa 3 asubuhi ndiyo dhahabu ya bodaboda, kila mtu anawahi kazini. Ndiyo hizohizo saa ambazo wewe hufai kuwa barabarani. Kwa hiyo pikipiki iende, wewe ubaki. Tafuta deiwaka, kijana unayemfahamu, mwenye leseni, aliyelala usiku. Achukue pikipiki saa 12 asubuhi airudishe saa 9 alasiri na akupe 6,000. Wewe ulale saa 2 asubuhi mpaka saa 9, masaa 7 hayo. Ukiamka, kunawa na kula, una kama saa moja na nusu ya abiria wa jioni kabla ya kuripoti, hapo unajaza 2,000 ya hesabu na kinachozidi ni cha mboga. Lakini usimpe mtu pikipiki kwa siri. Nenda kwa mwenye mkataba umweleze, na muandikiane mbele ya mwenyekiti wa kijiwe, kwa sababu ikigongwa mikononi mwa deiwaka utalia peke yako.

Deiwaka wa kuaminika akikosekana, kuna njia ya pili. Miezi yako 7 iliyobaki, kwa siku 26 za kazi na hesabu ya 8,000, ni 1,456,000. Mwombe tajiri wako apokee 5,000 kwa siku badala ya 8,000. Deni lilelile litaisha kwa miezi 11 na siku chache. Ni miezi 4 zaidi ya kusubiri pikipiki. Wenye pikipiki wengi wanapenda kupokea kidogo kila siku kuliko kuletewa habari kwamba chombo kiko polisi na dereva yuko mochwari, na unaweza kumwambia hivyohivyo, kwa heshima. Ile 150,000 ya mtaalamu ni pengo la 3,000 kwa siku 50. Peleka huko.

Kuna jambo jingine ambalo hukuniuliza, ila siwezi kulipita. Masaa 12 kwa siku 6 ni masaa 72 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi masaa 45, na saa za ziada zisizidi 50 kwa kila wiki 4. Wewe kwa wiki 4 unazidisha 108. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Chukua hati yako ya mshahara uangalie kama hizo zimo. Usiende kugombana na msimamizi peke yako usiku. Kaeni walinzi wote wa ghala hilo, muende pamoja kwa afisa kazi mkiwa na mikataba yenu. Inawezekana hela unayoitafuta barabarani kwa kuhatarisha roho iko kwenye saa ulizokwisha kuzifanyia kazi.

Kulala mchana Mbagala chini ya bati nako ni kazi, nakubali. Mwili una saa yake ya ndani inayoongozwa na mwanga, na saa hiyo mchana inakwambia amka. Ndiyo maana usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi. Ukitoka lindo vaa kofia yenye ukingo au miwani ya jua, usiuache mwanga wa asubuhi ukupige usoni njia nzima. Dirishani tundika kitenge kizito au blanketi jeusi, ila acha upenyo wa hewa juu na chini. Loanisha khanga uitundike karibu na upenyo huo, upepo ukipita unapoa. Pamba masikioni. Simu akae nayo mama watoto, na anayekutafuta aambiwe umelala, kama vile angeambiwa saa 8 usiku, maana kwako ndiyo saa 8 usiku. Majirani wa nyumba ya kupanga waendee siku moja kwa adabu, uwaambie unafanya kazi usiku. Wengi wanapunguza redio wakijua, hawakujua tu.

Na chandarua shusha hata mchana. Watu wanadhani ni cha usiku kwa ajili ya malaria, lakini mbu wa homa ya dengi anauma mchana, na Dar es Salaam dengi tumeiona mwaka 2014 na tena 2019.

Kahawa kunywa mwanzo wa lindo, ikifika saa 8 usiku acha. Baada ya masaa 5 hivi nusu yake bado iko kwenye damu, kwa hiyo kikombe cha saa 11 alfajiri utalala nacho kitandani. Yale makopo ya enaji yana kafeini, kichangamsho kilekile cha kwenye kahawa, pamoja na sukari nyingi, na kwa presha yako sitaki hata kuyasikia. Usinunue piritoni ili ulale, zinakufanya uamke na ukungu kichwani, na pombe inakulaza haraka kisha inakuamsha katikati. Ukishikwa na usingizi barabarani, simama. Kuimba hakusaidii, wala kujimwagia maji. Egesha, fumba macho dakika 20, ndiyo uendelee. Wazee wetu wa pwani wana kailula yao ya mchana, na hawakuwa wavivu.

Presha irudie kupima kituo cha afya, siku tatu tofauti, ukiwa umelala na umekaa kwa utulivu dakika 5 kwanza. Ikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mwone daktari usisubiri. Muulize pia mke wako kama unakoroma kwa nguvu halafu kuna muda pumzi inakatika kabisa kisha unashtuka kama unayezama. Akisema ndiyo, mwambie daktari hilo kabla ya jingine lolote, maana hapo hata masaa 9 hayatakutosha. Na wiki tatu zikipita umelala vizuri lakini bado unajiona mzito, hasira hazipungui, rudi uniandikie. Andika kwenye daftari umelala saa ngapi umeamka saa ngapi, usikadirie kwa kichwa.

Kesho ukitoka lindo, pikipiki usiiwashe. Iache hapohapo ghalani, mwachie mwenzako wa zamu ya mchana funguo, tembea mpaka kituoni, panda daladala la Mbagala. Kaa siti ya dirishani. Ukisinzia ukapitilizwa kituo, hakuna neno, utarudi kwa miguu.